Juu ya Ugonjwa wa Akili: Je, Kuna Mwenye Hatia?



Katika nyumba nyingi za Karatu, na katika maboma ya Ngorongoro vilevile, liko swali ambalo huulizwa kila mara mtoto wa nyumba anapopotewa na akili. Haliulizwi kwa sauti kuu. Huulizwa jioni, wazee wakiwa wameketi na mama akisikia kutoka jikoni: Ni nani aliyelifanya neno hili? Wengine hunena kwamba ni laana ya babu ambayo haikutulizwa. Wengine hunena kwamba jirani ametia mkono wake. Na wengine, hata miongoni mwetu tunaoketi mbele kanisani, hunena kwamba kijana mwenyewe ametenda dhambi ya siri, au kwamba imani ya wazazi wake ni haba. Majibu ni matatu, lakini shina lao ni moja: pana ugonjwa, basi sharti pawe na mwenye hatia.

Swali hili si dogo. Kwa jibu lake mtu hupelekwa hospitali au hufungwa kamba. Huketishwa pamoja na nduguze wakati wa chakula, au husukumiwa bakuli nyuma ya nyumba. Kwa hiyo yatupasa kulipima polepole. Kwanza tuujue ugonjwa wenyewe. Kisha tuyaangalie mambo ambayo madaktari wameyaona katika damu ya wagonjwa hawa kwa miaka ya karibuni. Halafu turudi kwenye neno la hatia.

1. Ugonjwa wenyewe

Magonjwa ya akili ni mengi. Hapa twanena juu ya moja, lile liitwalo skizofrenia. Jina hilo lilitolewa mwaka 1908 na daktari wa Uswisi, Eugen Bleuler. Shirika la Afya Duniani lakadiri kwamba katika kila watu 345 hivi ulimwenguni, mtu mmoja anao ugonjwa huu. Basi si ugonjwa wa taifa moja wala wa kabila moja. Huingia katika nyumba ya tajiri na ya maskini, ya mkulima na ya mchungaji wa ng'ombe.

Mara nyingi huanza ujanani, katika miaka ya mwisho ya shule au miaka ya kwanza ya kazi. Kijana husikia sauti za watu wasiokuwapo, nazo humtukana au humwamuru. Husadiki kwamba watu wamekula njama juu yake, wala hakuna maneno yawezayo kumwondolea wasiwasi huo. Mazungumzo yake hukatika, hata asikiaye asijue mwanzo wala mwisho. Tena iko sehemu nyingine ambayo watu huiita uvivu: hataki kuoga, hataki kwenda shambani, huketi mchana kutwa, na uso wake hauonyeshi furaha wala huzuni. Sehemu hii nayo ni ugonjwa, ingawa kwa ajili yake mgonjwa hulaumiwa kuliko kwa ajili ya zile sauti.

Lakini si kila apayukaye ana skizofrenia. Malaria iliyopanda kichwani, kifafa, pombe, bangi, na kaswende iliyokaa mwilini miaka mingi huweza kuichafua akili. Ndiyo sababu haitoshi jirani kusema, “Huyu ni mwenda wazimu.” Sharti aonwe na daktari.

2. Walinzi wa boma

Mmasai ajengapo boma, hulizungushia miiba ili simba na fisi wasiingie usiku. Mwili wa mwanadamu nao una walinzi wake. Ni chembe nyeupe za damu, pamoja na vitu vingi vidogo ambavyo chembe hizo huvitoa. Wengine hupigana na adui. Wengine ni kama wajumbe wakimbiao kutoka penye vita kwenda kuwaamsha wenzao. Mmoja wa wajumbe hao madaktari humwita intaleukini-6. Kazi hii yote huitwa kinga ya mwili, na pasipo hiyo mtoto asingemaliza mwaka mmoja.

Walakini mlinzi aweza kukosa kwa njia mbili. Aweza kulala, fisi akaingia. Au aweza kusikia mchakato gizani, akarusha mkuki, kumbe amempiga mtoto wa boma lile lile.

Kosa hili la pili limeonekana karibu nasi. Kusini mwa Karatu, mbele ya Mbulu, iko Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, iliyofunguliwa mwaka 1955 na wamisionari wa Norwei. Huko madaktari wamewachunguza watu wenye kifafa kwa miaka mingi, wakaona kwamba baadhi yao wana vifuko vya mnyoo tegu wa nguruwe ndani ya ubongo. Mnyoo huyo akiwa hai aweza kukaa kimya miaka mingi. Aanzapo kufa, walinzi humtambua na kumshambulia. Mahali pale pa ubongo huvimba, na mgonjwa huanguka kifafa, na pengine akili yake huvurugika. Vita vyenyewe huumiza kuliko adui. Kwa hiyo daktari atoapo dawa ya kumwua mnyoo, hutoa pia dawa ya kuwatuliza walinzi.

Mfano mwingine watoka mbali. Mwaka 2007 daktari Josep Dalmau, Mhispania aliyekuwa akifanya kazi Marekani, pamoja na wenzake, walieleza ugonjwa ambao walinzi wa mwili hushambulia sehemu fulani za ubongo. Waliopatwa walikuwa wasichana kwa wingi. Walisikia sauti, waliogopa, walinena maneno yasiyo na maana, na baadhi yao walidhaniwa kuwa wenye wazimu. Walipopewa dawa za kutuliza kinga, wengi walipona. Magonjwa haya mawili siyo skizofrenia. Lakini yatufundisha kwamba ugomvi wa walinzi waweza kuitikisa akili ya mtu ambaye hakutenda neno lo lote.

Je, katika skizofrenia yenyewe wameona nini? Wameona kwamba katika damu ya wengi walioanza kuugua, wale wajumbe kama intaleukini-6 wamezidi kiasi, kana kwamba mwili umepigiwa mbiu ya hatari ijapokuwa adui haonekani. Baada ya matibabu, baadhi ya wajumbe hao hupungua na wengine hubaki juu. Mwaka 2014 wataalamu wa nchi nyingi walitangaza sehemu 108 za urithi wa mwili zinazohusika na ugonjwa huu. Na iliyo na nguvu kuliko zote ni ile yenye jeni nyingi za kinga. Mwaka 2016 wengine wa Marekani walionyesha kwamba jeni moja ya mahali pale, iitwayo C4, ikifanya kazi kupita kiasi huongeza hatari ya kuugua.

Ili tuelewe kazi ya C4, tutazame mibuni ya Oldeani. Mkulima mwema huipogoa mibuni yake, akaondoa matawi yasiyofaa ili yaliyobaki yazae. Ubongo wa kijana nao hupogolewa: viungo vingi vya utotoni kati ya chembe za ubongo huondolewa, na C4 ni kama alama itiwayo juu ya tawi la kukatwa. Alama zikitiwa nyingi mno, hukatwa na matawi yaliyofaa. Hivi ndivyo wataalamu wanavyodhani, nayo ingeeleza kwa sehemu kwa nini ugonjwa huu huanza ujanani.

Hata hivyo tusikimbilie kusema, “Sasa imejulikana.” Hakuna kipimo cha damu kionyeshacho kwamba mtu huyu ana skizofrenia na huyu hana. Wagonjwa wengine damu yao haina dalili hizo, na watu wengine wasio wagonjwa wanazo, maana hata unene, tumbaku na dhiki ya muda mrefu huwaamsha walinzi. Twauona moshi, lakini bado yabishaniwa kama moto uko pale pale, au kama moshi umepeperushwa kutoka shamba la jirani.

3. Dawa, na kipimo chake

Zamani hapakuwa na dawa. Katika nchi yetu kazi ya kuwatunza wagonjwa hawa ilianza Lutindi, katika milima ya Usambara. Nyumba ile ilijengwa na Wajerumani wa misheni mwaka 1896 kwa ajili ya watoto waliokombolewa utumwani, na mwanzoni mwa karne ya 20 ikaanza kupokea wagonjwa wa akili. Mwaka 1927 hospitali ya Mirembe ilianzishwa Dodoma. Walichoweza kutoa wakati ule ni mahali pa kulala, chakula, na kazi ya mikono, na kwa mtu aliyekuwa akifukuzwa kila kijiji hilo halikuwa jambo dogo.

Mwaka 1952, katika hospitali ya Sainte-Anne mjini Paris, madaktari Jean Delay na Pierre Deniker waliwapa wagonjwa dawa mpya iitwayo klorpromazini, na waliokuwa wakipiga kelele usiku kucha wakaanza kutulia na kuzungumza. Mwaka 1958 ilipatikana haloperidoli huko Ubelgiji. Dawa hizi zingali zikitumika katika hospitali zetu, pamoja na sindano ambayo mtu huipata kila baada ya majuma kadhaa. Haziling'oi shina la ugonjwa. Hupunguza sauti na wasiwasi, na mtu akiziacha ugonjwa hurudi mara nyingi. Tena zina taabu zake: viungo hukakamaa, mikono hutetemeka, mwili hunenepa, na pengine sukari huzidi katika damu.

Hapa tena twakutana na wale walinzi. Iko dawa iitwayo klozapini, ambayo husaidia wengi walioshindwa kusaidiwa na dawa nyingine mbili. Lakini kwa watu wachache hufagia chembe nyeupe za damu, hata boma likabaki bila mlinzi. Mwaka 1975 katika nchi ya Ufini watu 8 walikufa kwa namna hii. Nchi nyingi ziliiondoa dawa ile, ikarudi baadaye kwa sharti moja: kila atakayeitumia apimwe damu kila juma mwanzoni, na chembe zake zihesabiwe.

Basi, hesabu ile ilitoka wapi? Kiasi kilichoitwa kamili kilitokana na damu ya watu wa Ulaya. Lakini Waafrika wengi wamezaliwa na chembe nyeupe za namna moja pungufu kuliko za Wazungu, nao ni wazima, wala hawaugui zaidi. Sababu ni urithi ule ule uifungiao mlango namna moja ya malaria, iitwayo vivaksi, isiingie katika chembe nyekundu. Hivyo mtu mwenye damu njema, ambaye babu zake walikingwa kwa njia hiyo, alihesabiwa kuwa na upungufu, akanyimwa dawa au akaachishwa. Mwaka 2015 ndipo wakuu wa dawa wa Marekani walipoweka kipimo cha pekee kwa watu wa namna hii. Hakuna aliyekusudia uovu. Walipima kwa pishi ya nyumbani kwao, wakadhani ni pishi ya watu wote. Neno hili tulikumbuke, kwa kuwa na sisi tunayo pishi yetu tuwapimiayo wagonjwa.

4. Basi, nani mwenye hatia?

Mtu aweza kusema, “Imetosha. Ugonjwa uko mwilini, basi hakuna mwenye hatia, na neno limekwisha.” Twakubali mwisho wa usemi huu, lakini njia yake ina mashimo mawili.

Shimo la kwanza ni hili. Kwetu sisi damu si maji mekundu tu. Damu ni ukoo. Mtu akisikia kwamba ugonjwa uko katika damu, kesho atauliza binti yule ni wa nyumba gani, na posa itarudishwa. Hivyo tutakuwa tumemwondolea kijana mmoja lawama na kuitwika mbari nzima. Kwa hiyo na ijulikane sawasawa: sehemu za urithi zinazohusika ni nyingi sana, kila moja ina nguvu kidogo tu, na kila mmoja wetu anazo baadhi yake. Wagonjwa wengi hawana baba wala mama aliyeugua. Hata kwa pacha wanaofanana kabisa, mmoja akiugua, katika nusu yao au zaidi mwenzake haugui. Damu yenyewe haihukumu ukoo, tusiihukumu sisi.

Shimo la pili ni kubwa zaidi. Ikiwa twamwachilia mgonjwa kwa sababu tu damu yake imeonyesha dalili, tutafanyaje na yule ambaye damu yake haionyeshi kitu? Je, yeye tumrudishie lawama?

Tumfikiri mtu mwenye malaria kali. Usiku apayuka, amtukana mama yake mzazi, ampiga ndugu yake amshikaye. Asubuhi apona. Je, wazee humtoza ng'ombe kwa matusi yale? Hawamtozi. Na kwa nini? Si kwa sababu walimwona mdudu wa malaria. Mdudu yule alionwa kwa mara ya kwanza mwaka 1880 na Mfaransa Alphonse Laveran huko Algeria. Lakini babu zetu walikuwa wakiwasamehe wenye homa karne nyingi kabla ya hapo. Waliwagusa paji la uso, wakaona ni moto, wakasema, “Anayenena si yeye, ni homa.” Rehema haikuingojea hadubini.

Hapa ndipo taabu ya mwenye skizofrenia ilipo: paji lake ni baridi. Hana kidonda, hakohoi, havimbi miguu. Ana nguvu za kutembea kutoka Karatu hata Oldeani, ila hana nguvu za kushika jembe. Amekosa shahidi wa kuonekana kwa macho, na kwa kukosa shahidi amehukumiwa. Yale yaliyoonwa katika damu ni kama joto la paji kwa madaktari: shahidi amekuja, tena tumkaribishe kwa furaha. Lakini haki ya mgonjwa haikuanza siku shahidi alipofika. Alikuwa mgonjwa tangu zamani, hata tulipokuwa tukimwita mvivu, na yule ambaye shahidi wake hajafika bado ni mgonjwa vilevile.

Mwingine ataogopa, akisema, “Mkisema hivi, kila mwovu atajiita mgonjwa.” La. Mwovu hutenda uovu mahali apatapo faida, na huuficha. Mgonjwa wa namna hii hupoteza shule, mchumba, marafiki na usingizi, wala hapati faida yo yote. Tena ugonjwa haumalizi utu. Wengi wapatapo nafuu hujua jema na baya kama sisi, hufanya kazi, hulea watoto. Na kumtendea mtu kama asiyeweza kujibu neno hata siku za nafuu yake ni dharau nyingine.

Wazee wa Kiiraqw walikuwa na desturi iitwayo metimani: nyumba iliyopatwa na misiba ya namna fulani ilitengwa na majirani kwa muda, ili unajisi usienee. Nia yao ilikuwa kulinda wengi. Hata ukoo, basi, na usharika pia, una kinga yake, nayo huweza kukosa kama ile ya mwili. Skizofrenia haiambukizi kwa kugusana, wala kwa kula pamoja, wala kwa kulala nyumba moja. Tumtengapo mtu huyu, hatumzuii fisi. Tunampiga mkuki mtoto wa boma. Na wale wanafunzi waliomwona kipofu tangu kuzaliwa walitaka kujua kama ni yeye aliyetenda dhambi au wazazi wake. Hawakujibiwa kwa jina la mtu hata mmoja. Walionyeshwa kazi iliyo mbele yao.

5. Kazi iliyo mbele yetu

Waalimu, wainjilisti na wazee wa sharika, ninyi huitwa mapema kuliko daktari. Neno lenu la kwanza lina nguvu. Msiulize nani amefanya. Ulizeni tangu lini halali usingizi, tangu lini asikia sauti, amekula nini, amenywa nini. Kisha mpelekeni Hospitali ya Kilutheri ya Karatu, au kituo kilicho karibu. Akiwa na homa, au akiwa amebadilika ghafula kwa siku chache, au akianguka kifafa, msingoje hata kesho. Kijana aliyeanza kutibiwa mapema huwa na tumaini kubwa kuliko aliyezungushwa kwa waganga mwaka mzima.

Ombeni pamoja naye, lakini msimwachishe dawa ili kuijaribu imani yake. Hatumwambii mwenye kisukari aache dawa yake siku ya maombi. Kwa nini tumwambie huyu? Msimfungishe mgonjwa asiye na chakula tumboni. Msimfunge kamba wala mnyororo; tangu mwaka 2008 nchi yetu ina Sheria ya Afya ya Akili, na akiwa mkali, liko jambo la kufanya kwa msaada wa daktari na wakuu wa serikali.

Kumbukeni na mwili wake. Watu wenye skizofrenia hufa miaka 10 hata 20 kabla ya wenzao, na wengi wao huuawa na magonjwa ya kawaida ya moyo, sukari na mapafu ambayo hakuna aliyewapima. Akisema tumbo lamwuma, msicheke na kusema ni wazimu wake. Akipata homa au donda la koo huku anatumia klozapini, apimwe damu siku ile ile.

Mwisho, mwangalieni mama. Atokaye Endulen kwenda kutafuta dawa Karatu hana budi kupanda hata ukingo wa kreta na kushuka upande wa pili, naye sharti afanye hivyo kila dawa iishapo, si mara moja bali kwa miaka. Nauli humshinda kabla ya imani kumshinda. Usharika uwezao kuchanga fedha za bati la kanisa waweza kuchanga na nauli ya mama mmoja, na kumpa mtu wa kufuatana naye. Basi jioni wazee waketipo na kuuliza ni nani aliyefanya, pawe na mmoja wa kuwauliza: Na kesho ni nani atakayekwenda naye?